Kuzuia Hidreti Bombani: Mwongozo kwa Kijana wa Kihurio Anayekwenda Kwenye Gesi

Kihurio ni nchi ya joto. Milima ya Upare Kusini iko mgongoni, Mkomazi iko mbele, na ubaridi wa kilele cha Shengena hauteremki mpaka huku bondeni. Kijana wa hapa akiambiwa kwamba bomba la gesi la Mtwara linaweza kuzibwa na kitu kinachofanana na theluji iliyoshindiliwa, kinachoitwa hidreti, ana haki ya kushangaa, maana Mtwara nako ni joto. Lakini ndivyo ilivyo. Kama umechaguliwa kwenda kusomea ufundi wa gesi, au tayari umepata kazi kwenye mtambo, jambo hili utakutana nalo mapema, na wakubwa wako watalizungumza kana kwamba unalijua tangu zamani.

Ukishika neno moja tu katika haya nitakayoeleza, shika hili: dawa ya kuzuia hidreti hupimwa kwa maji. Wingi wa gesi peke yake haukupi jibu. Asiyejua bombani mna maji kiasi gani hana msingi wa kuchagua kemikali wala wa kupanga kiwango chake.

Kinachoziba

Gesi haitoki kisimani ikiwa kavu. Huja na mvuke wa maji, na mara nyingine huja na maji yenyewe ya mwambani. Presha ikiwa kubwa na joto likishuka, molekuli za maji hushikana zikajenga vizimba vidogo, na kizimba hufungia ndani yake molekuli ya gesi. Mkusanyiko wa vizimba hivyo ndio hidreti. Kwa macho ni nyeupe, ukiiwasha inawaka, na haisubiri nyuzi 0 kama barafu. Methani yenye maji, kwenye presha ya bar 26 hivi, huanza kutengeneza hidreti karibu na nyuzi 0. Ukifika bar 70, nyuzi 10 zinatosha. Kwenye bar 100, nyuzi 13. Gesi ikiwa na propani kidogo, hidreti hutokea hata kukiwa na joto zaidi ya hapo kwa presha ileile. Meta moja ya ujazo ya hidreti hubeba takriban meta 164 za ujazo za gesi. Ihifadhi namba hiyo, utaihitaji tukifika kwenye kuzibua.

Mwanakemia Humphry Davy wa Uingereza aliijua hidreti ya klorini tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa zaidi ya miaka mia jambo hili likabaki la maabara. Mwaka 1934 Mmarekani E. G. Hammerschmidt alionyesha kwamba kilichokuwa kikiziba mabomba ya gesi kwao hakikuwa barafu, kilikuwa hidreti. Kanuni aliyoiacha bado inatumika, nasi tutaipigia hesabu hapa chini.

Gesi yetu na hatari yake

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na mwaka 2015 likafunguliwa bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara. Visima hivi viko nchi kavu au kwenye maji mafupi, mahali penye joto. Basi baridi inatoka wapi?

Inatoka kwenye valvu. Gesi ikipita kutoka presha kubwa kwenda presha ndogo hupoa yenyewe, kwa kadirio la nusu nyuzi kwa kila bar inayoshuka au pungufu kidogo. Chukua gesi yenye nyuzi 28 na bar 120, ishushe hadi bar 60 kwa mkupuo mmoja. Kwa kadirio la chini la nyuzi 0.4 kwa bar, itapoteza nyuzi 24 na kutoka na nyuzi 4. Methani kwenye bar 60 huanza kuganda na maji karibu na nyuzi 8 na nusu. Kwa hiyo umeshaingia eneo la hidreti huku wewe mwenyewe umesimama juani unatokwa na jasho. Ndiyo maana penye vituo vya kupunguza presha hufungwa hita kabla ya valvu, na ndiyo maana bomba lililo baada ya valvu huonekana na umande hata mchana.

Bahari ya kina ni habari nyingine. Tangu gesi ya Pweza ilipogunduliwa mwaka 2010, ikafuata ya Zafarani mwaka 2012 na nyingine baada yake, inajulikana kwamba gesi yetu nyingi iko huko, na hesabu ya serikali ya gesi yote nchini ni futi za ujazo trilioni 57 na kitu. Katika Kitalu namba 2, kinachoendeshwa na Equinor ya Norway, maji yana kina cha hadi meta 2,500 hivi. Sakafu ya bahari katika kina hicho ina nyuzi chache tu juu ya 0, kiangazi na masika. Gesi hiyo ikija kusafirishwa hadi Likong'o, Lindi, mahali palipotengwa kwa ajili ya mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika, itapita kwenye bomba refu lililolala kwenye baridi hiyo, ikiwa na maji yake na presha yake. Hapo hakuna hita itakayofaa, wala hakuna fundi wa kwenda kutazama. Dawa ndiyo tegemeo.

Wanorway wanalifahamu jambo hili kwa vitendo. Tangu mwaka 2007 gesi ya Snøhvit husafiri kilometa 143 chini ya bahari hadi kisiwa cha Melkøya, na bomba lote hulindwa kwa MEG, yaani monoethilini glikoli, kemikali ambayo nitaieleza hivi punde. MEG hupelekwa baharini kwa bomba dogo, huingizwa visimani, hurudi na gesi, huchemshwa kutolewa maji, kisha hutumwa tena. Kijana anayetaka kazi Lindi siku mradi utakapoanza asome mfumo huo kuliko mwingine wowote.

Kwanza kausha, ukiweza

Kemikali ya kuzuia hidreti ni gharama ya kila siku. Penye mtambo wa kukausha gesi, mahitaji ya dawa hupungua kabisa baada ya mtambo huo. Ukaushaji wa kawaida hutumia trayethilini glikoli, yaani TEG. Gesi hupanda ndani ya mnara, TEG hushuka, maji hunaswa. Kisha TEG huchemshwa karibu na nyuzi 204 ili kuyatoa, na isizidishwe hapo kwa sababu huanza kuharibika.

Watu wengi wapya huchanganya TEG na MEG kwa kuwa zote ni glikoli. Kazi zao ni tofauti. TEG hukaa mnarani na kukausha. MEG huingizwa ndani ya bomba lenye maji na kusafiri nayo, ikiyazuia yasishikane na gesi. Ukisikia mtu anaagiza "glikoli" bila kusema ipi, muulize kabla hujafungua pipa.

Dawa basi inabaki kwa sehemu zile ambazo gesi bado ni mbichi: kuanzia kisimani hadi mtambo wa kukaushia, penye valvu za kushusha presha, na nyakati za kuwasha na kuzima.

Dawa zenyewe

Ziko za aina mbili kwa tabia. Aina ya kwanza hubadilisha masharti: hufanya hidreti ihitaji baridi kali zaidi kabla haijatokea. Methanoli na MEG ziko hapa, na hata chumvi ya bahari ina nguvu hiyo kidogo. Aina ya pili haibadilishi masharti, ila huchelewesha hidreti au huizuia isigandamane.

Methanoli ni nyepesi, hupenya haraka, na kwa uzito uleule hushusha nyuzi nyingi kuliko MEG. Kwa dharura, kwa kuanzisha kisima, au kwa kuyeyusha hidreti iliyokwisha tokea, hupendelewa. Lakini huchemka kwenye nyuzi 65 tu, kwa hiyo sehemu kubwa hukimbilia kwenye gesi na nyingine kwenye kondenseti, yaani mafuta mepesi yanayotoka na gesi, na huko haizuii chochote. Kuirudisha ni taabu, hivyo mara nyingi hupotea moja kwa moja.

MEG ni nzito, huchemka karibu na nyuzi 197, na haipandi kwenye gesi ila kidogo sana. Hubaki pamoja na maji, mahali panapotakiwa. Ndiyo maana penye bomba refu na kazi ya miaka, MEG huishinda methanoli. Ugumu wake uko kwenye kuirudisha: maji ya mwambani yakija na chumvi, chumvi hiyo hujikusanya ndani ya MEG na kuganda kwenye kuta za kichemshio. Ni lazima mtambo uwe na sehemu ya kuitoa.

Aina ya pili ina makundi mawili. La kwanza ni polima, kama polivinilipirolidoni na ndugu yake polivinilikaprolaktamu. Hizi hutumika kwa kiasi kidogo, kati ya asilimia nusu na tatu ya maji, na huchelewesha hidreti kwa saa au siku. Kama gesi itatoka kwenye eneo la hatari kabla muda huo haujaisha, umefaulu. Lakini bomba likisimama siku kadhaa, ucheleweshaji huisha na hidreti inakuja. Tena baadhi yake zikiingizwa mahali penye joto kali hujitenga na maji na kunata ndani ya bomba, kwa hiyo mwulize muuzaji kiwango cha joto kabla ya kuchagua mahali pa kuingizia.

Kundi la pili huiacha hidreti itokee, ila huitawanya iwe chembechembe zinazoelea na kupita. Linahitaji mafuta au kondenseti ya kutosha kubeba chembe hizo. Gesi ya baharini kwetu ni methani kwa sehemu kubwa mno, kondenseti yake ni haba. Maoni yangu ni kwamba kundi hili si letu, hata muuzaji akilisifu namna gani.

Kupima

Sasa hesabu. Tuseme bomba lina bar 100 na sehemu yake yenye baridi zaidi ina nyuzi 4. Hidreti ya methani huanza kwenye nyuzi 13. Unahitaji kushusha nyuzi 9, ongeza nyuzi 3 za tahadhari, jumla 12.

Kanuni ya Hammerschmidt, kwa nyuzi za Selsiasi, inakwenda hivi. Zidisha uzito wa molekuli wa dawa kwa nyuzi unazotaka kushusha: MEG ni 62, methanoli ni 32. Jibu hilo ligawanye kwa jumla ya jibu lenyewe na 1,297. Kisha zidisha kwa 100. Unapata asilimia ya dawa, kwa uzito, inayotakiwa ndani ya maji.

Kwa MEG: 62 mara 12 ni 744. Gawanya 744 kwa 2,041, unapata asilimia 36.5 hivi. Kwa methanoli: 32 mara 12 ni 384. Gawanya kwa 1,681, unapata asilimia 23.

Usiishie hapo, kwa sababu asilimia si kilo. Ikiwa bomba linapitisha kilo 1,000 za maji kwa siku, na MEG uliyonayo ina nguvu ya asilimia 90, unahitaji kilo 680 za MEG hiyo kwa siku, ambazo ni kama lita 620. Methanoli safi ingekuwa kilo 300 hivi, lakini hiyo ni ya kubaki majini tu. Kile kitakachokimbilia kwenye gesi lazima ukijumlishe juu yake, na kwenye gesi nyingi yenye maji machache kinaweza kuzidi kile kilichobaki.

Hesabu hii inatosha kwa dawa ya kiwango cha wastani. Ukipata majibu yanayopita asilimia 25 ya methanoli au 40 ya MEG, usiitegemee, tumia programu ya wahandisi. Kwa gesi yenye propani au kabonidayoksaidi, nyuzi 13 za kuanzia nazo hubadilika, kwa hiyo omba majibu ya maabara ya gesi ya kisima chako.

Sasa tazama kitakachotokea maji yakiwa kilo 2,000 badala ya 1,000. Pampu yako bado inasukuma lita 620. Asilimia inashuka hadi karibu 23 na ulinzi unashuka hadi nyuzi 6 tu, wakati ulihitaji 9 hata kabla ya tahadhari. Gesi haijaongezeka, presha ni ileile, mita ya gesi haikuonyeshi kitu. Wazee wetu wa Upare hawafungui ndiva, bwawa la kumwagilia, kabla ya kujua maji yamejaa kiasi gani, na mwenye pampu ya dawa awe na tabia hiyo kila zamu. Pima maji yanayofika kwenye chombo cha kutenganishia. Peleka sampuli maabara wapime kloridi: maji yaliyotokana na mvuke hayana chumvi, ya mwambani yanayo. Kloridi ikianza kupanda, kisima kimeanza kutoa maji ya mwambani na dawa lazima iongezwe kabla wingi wenyewe haujaonekana. Pima pia nguvu ya MEG inayorudi. Ikirudi dhaifu kuliko hesabu inavyosema, kuna maji usiyoyajua.

Dawa iingizwe kabla ya mahali pa baridi, yaani kabla gesi haijafika kwenye valvu ya kushusha presha, kwa nozeli inayoitawanya ndani ya gesi. Ikidondoka tu ukutani mwa bomba hupita chini huku maji yakipita kwingine. Na kabla ya kuchanganya na dawa nyingine, hasa ya kuzuia kutu, fanya jaribio kwenye chupa. Polima na dawa ya kutu mara nyingi hupingana, na methanoli isiyotunzwa vizuri huingiza oksijeni inayoongeza kutu.

Hatari kubwa haiko kwenye siku za kawaida. Iko pale gesi iliposimama. Bomba lililosimama hupoa hadi joto la bahari, maji hutuama mabondeni mwa bomba, na siku ya kufungua gesi huyapitia kwa nguvu na kuyachanganya. Kwa hiyo kabla ya kuzima kwa mpango, ongeza dawa ili maji yatakayobaki yawe tayari na ulinzi. Kukiwa na kuzima kwa ghafla, uwe na utaratibu ulioandikwa wa saa ngapi unaruhusiwa kukaa kabla ya kushusha presha ya bomba lote.

Bomba likiziba

Dalili huja kwanza kwenye geji. Tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho inapanda, mtiririko unashuka au unayumba, maji yanayofika yanapungua bila sababu. Hapo ongeza dawa mara moja na mwite msimamizi.

Likiwa limeziba kabisa, usishushe presha upande mmoja. Kizibo kikiachia huku upande mmoja una bar 100 na mwingine hauna kitu, hukimbia ndani ya bomba kwa kasi ya kuvunja kona na valvu, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Presha ishushwe pande zote mbili, polepole, kwa kuangalia geji za pande zote mbili.

Usipashe bomba moto mahali pamoja. Hapa ndipo ile 164 inapokuja. Hidreti ikiyeyuka katikati wakati ncha zake bado zimeziba, gesi inayotoka haina pa kwenda, na presha hupanda hadi bomba lipasuke. Wala usitegemee vifaa peke yake: mwaka 2010, baada ya ajali ya Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Meksiko, kuba la chuma lililoshushwa kwenye kina cha meta 1,500 hivi kukusanya mafuta lilizibwa na hidreti na mpango ule ukaachwa. Wataalamu wenye kila kifaa walishindwa kwa haraka ya jambo lenyewe. Kuzibua kunaweza kuchukua siku au wiki, na wiki hizo ni bora kuliko jeneza.

Mwili wako

Methanoli inanuka kama pombe na inafanana na pombe. Huharibu mishipa ya macho na huua. Kenya, Novemba mwaka 2000 na Mei mwaka 2014, watu wengi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mapipa yake yafungwe kwa kufuli na kuhesabiwa, yaandikwe SUMU kwa Kiswahili kikubwa, na pipa tupu lisiuzwe wala kupelekwa nyumbani kuwekea maji. Moto wake ni hafifu mno, kwenye jua hauonekani, kwa hiyo ukihisi joto bila kuona mwali, rudi nyuma. Uzimwe kwa povu linalofaa alkoholi.

MEG ni tamu, na utamu huo ndio ubaya wake, kwa kuwa mtoto au mbwa ataipenda. Huharibu figo. Kwa methanoli na MEG, aliyekunywa apelekwe hospitali hata kama bado anajisikia vizuri, na mweleze daktari jina la kemikali, maana tiba ipo na kazi yake hutegemea kuwahi.

Mtungi wa nyumbani

Watakaobaki Kihurio nao wanaguswa kidogo. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na propani yenye maji hutengeneza hidreti kwenye joto la chini ya nyuzi 5 au 6. Regulata inaposhusha presha hupoa, na kama gesi ina unyevu, inaweza kuziba. Ndiyo maana wenye matangi makubwa wakishuku maji huongeza methanoli kidogo kabla ya kujaza. Hiyo ni kazi yao. Wewe usitie kitu chochote mtungini.

Barafu ikionekana nje ya mtungi, mara nyingi ni unyevu wa hewa tu, kwa sababu gesi inachemka ndani na kuvuta joto. Hutokea sana kwa mama lishe anayetumia jiko kubwa kwenye mtungi wa kilo 6. Punguza moto, au hamia mtungi wa kilo 15. Moto ukififia huku mtungi bado mzito, na regulata ina barafu, funga valvu, acha ipate joto la hewa, kisha jaribu tena. Usimwagie maji yanayochemka, usiweke jiko chini yake, usilaze mtungi. Ikijirudia mtungi baada ya mtungi kutoka kwa muuzaji yuleyule, urudishe na umweleze kwamba gesi ina maji.